Meno Ambayo Hayajaota

Kule Karagwe nilikozaliwa yaliitwa meno ya nailoni. Hapa Kigali yanaitwa ibyinyo. Jina lilibadilika mpakani, ujinga ukapita bila kukaguliwa mizigo.

Imani yenyewe ni hii. Mtoto mchanga akiharisha na kuchemka mwili kabla hajaota meno, mtu mzima mwenye kujiamini humpapasa fizi kwa kidole. Atakuta mahali pamevimba kidogo, peupepeupe, pale ambapo chonge zinajiandaa kutoka siku za usoni, na hapo hapo atatangaza kwamba mle ndani mna meno mabaya, laini kama funza, na ndiyo yanayomharisha mtoto. Anatafutwa mwenye ujuzi wa kuyatoa. Huyo anachokoa fizi kwa kitu chenye ncha, anatoa kitu cheupe chenye utelezi, anakiweka juu ya kitambaa, na wazazi wanainama kukiangalia wakitikisa vichwa: kweli, alikuwa mdudu. Na kitu hicho ni jino la mtoto wao. Si mdudu, si nailoni, ni jino lenyewe likiwa bado changa, lililokuwa linangoja zamu yake. Wizi wa namna hii sijauona kwingine. Mwizi anakuonyesha mali yako kiganjani na wewe unamwambia asante.

Mimi yangu yalitolewa kwa spoki ya baiskeli iliyonolewa, nikiwa na miezi michache tu, na aliyenishika miguu nisirukeruke alikuwa mama yangu, ambaye ananipenda. Taya langu la chini halina chonge hata moja, maana ncha ilifika mpaka kwenye mbegu za meno ya ukubwani. Juu, ya kushoto iliota imegeuka ubavu, kama muumini aliyechoshwa na mahubiri akaamua kutazama dirishani. Nilikua nikiamini nimezaliwa hivyo, mpaka daktari wa meno aliponiuliza ukubwani ni nani aliyenifanyia hivi, nami nikamjibu kwa heshima zote kwamba ni Mungu.

Tangu siku hiyo nimesoma. Sikusoma chuo chochote. Kazi yangu ya kutengeneza matangazo kwa kompyuta nilijifundisha kwenye simu, Kiingereza nilijifundisha kwenye simu, na habari za meno ya watoto vivyo hivyo. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa wake: haamini kwamba anajua kitu mpaka akijue kuliko wote waliomo chumbani, na hata akishakijua analala vibaya, maana huenda kuna ukurasa mmoja hakuusoma. Mimi naweza kusogeza herufi moja asubuhi nzima, kulia, kushoto, kulia tena, mpaka mwenye ofisi aje kunizimia kompyuta.

Ofisi yetu iko Kiyovu, mtaa wa wenye fedha, na huko ndiko nilikojifunza kutoishia kuwadharau wazee wa vijijini. Wateja wetu huja na watoto wao kwa magari yenye vioo vyeusi. Mtoto wa miaka mitatu anashuka, anafungua kinywa aombe kitu, na meno yake ya mbele ya juu ni visiki vyeusi. Amekuwa akilala na chupa ya juisi mdomoni tangu ajue kuishika, kwa kuwa yaya hataki kelele na mama anataka usingizi, na pakiti ya juisi hiyo ina picha ya embe, kwa hiyo ni tunda. Niliwahi kuthubutu kumgusia mama mmoja. Akanipa lile tabasamu analopewa mlinzi wa getini.

"Ni ya utoto hayo, mpenzi. Yataanguka."

Hata nyumba yake itaanguka siku moja, lakini sijasikia kwamba ameiachia mchwa. Nikarudi kwenye kompyuta kumalizia kadi za sherehe ya kuzaliwa ya mtoto yule yule. Aliniomba nimpake meno meupe kwenye picha. Nilimpaka, tena vizuri sana, jino kwa jino.

Basi dada yangu alipojifungua mtoto wa kiume, mimi, mama yake mdogo, nilikuwa nimejiandaa kuliko yeye. Nilimpelekea kwake Batsinda vitambaa vya pamba nilivyovikata miraba kwa rula na kuvichemsha, vya kumfutia mtoto fizi asubuhi na jioni akishanyonya. Dada alivipekua kimoja kimoja.

"Sha, mdogo wangu, huyu mtoto hana hata jino moja."

"Ndiyo maana. Anazoea."

"Anazoea nini? Kufutwa kama meza?"

Lakini alimfuta. Dada yangu ni mpole. Hunisikiliza ili nitulie, na upole huo huo ndio ulionitia hofu, kwa sababu nilijua atamsikiliza mtu mwingine yeyote kwa sababu hiyo hiyo.

Mtu mwingine mwenyewe alikuwa nyumbani mle. Mama mkwe wa dada amekulia Bujumbura, anauza vitenge, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mteja aliyekwisha kuvuka barabara. Kwao wanaongea Kiswahili kwa sababu kila mmoja anamcheka mwenzake Kinyarwanda chake. Shemeji yangu, mume wa dada, ana shahada mbili, zote zimetundikwa ukutani juu ya televisheni ili zisichakae kwa kutumiwa.

Mtoto alipofikisha miezi mitano dada alirudi kazini, na haikuchukua muda mtoto akaanza kuharisha. Dada alinipigia simu Jumamosi asubuhi, akinong'ona.

"Mama mkwe amempapasa fizi. Anasema yapo manne."

Sikuuliza manne nini.

"Jumatatu anampeleka kwa mama mmoja ng'ambo ya bonde. Anasema ana mkono mwepesi."

"Na wewe unasema nini?"

Nikasikia akifunga mlango.

"Nasema anaharisha sana," akajibu.

Nilipanda pikipiki mpaka Batsinda, tukampeleka mtoto kituo cha afya mimi na dada. Muuguzi alimpima malaria, hakuna. Akamvuta ngozi ya tumbo kwa vidole viwili kuona kama inarudi haraka, akauliza mtoto anapewa nini mchana. Uji mwepesi, dada akasema, kwenye chupa. Chupa inaoshwaje? Inasuuzwa. Muuguzi hakutugombeza, alitutazama tu, kisha akatupa pakiti za chumvi ya kuchanganya na maji yaliyochemshwa, na vidonge vya zinki, akatuonyesha namna ya kumnywesha kwa kijiko, kidogo kidogo, na akatuambia ni dalili gani tukiziona turudi mbio.

Nilidhani hayo yametosha. Ndivyo anavyodhani mtu aliyejifundisha kwenye simu: ukweli ukishatamkwa na mtu aliyevaa koti jeupe, kazi imekwisha. Mama mkwe alipokea zile pakiti, akazigeuza mbele na nyuma, akaziweka juu ya kabati.

"Hii dawa iko ya kuharisha," akasema. "Ile kitu yenye inaharisha, hiyo tutatoa Jumatatu. Si mimi na muuguzi tunasaidiana?"

Kwa hiyo nilibaki na Jumapili. Mtu mwenye akili angeitumia kumchukua dada na mtoto na kuwapeleka kwa mama yetu, aliyehamia huku nasi na sasa anakaa Ndera, mbali na ile ng'ambo ya bonde. Mimi niliitumia kuchora.

Nilichora taya la mtoto kana kwamba limekatwa ubavuni: fizi, mfupa, na ndani yake meno ya utoto yakiwa yamelala kwa mpango, na chini yake mbegu za meno ya ukubwani. Nilibadilisha rangi ya fizi mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema. Waridi ya kwanza ilikuwa ya keki, ya pili ilikuwa ya kidonda. Nikaenda ofisini Kiyovu, mlinzi akanifungulia, nikaichapisha kwenye ile karatasi nzito tunayowatunzia wateja wa hoteli. Na nitasema jambo ambalo halinipendezi: wakati nakata kingo za picha ile sikuwa nikimfikiria mtoto. Nilikuwa nikifikiria namna watakavyonyamaza.

Nilimwomba mama aje Batsinda mchana ule, halafu njiani nikajuta. Mama ndiye aliyenipeleka mimi, na hajawahi kusema kwamba alikosea. Kila nikimwuliza hunijibu neno moja tu, "Ulipona," na kuendelea na alichokuwa akikifanya.

Tulikaa sebuleni. Mama mkwe alikuwa ametoka misani, bado na kitenge chake kizuri. Shemeji alikuwa na simu mkononi. Dada alikuwa amempakata mtoto, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ndani na alikuwa halii tena kwa nguvu, analalamika tu kama mtu mzima. Mama yangu alisalimia, akamchukua mtoto, akaenda kukaa pembeni karibu na meza ya vyombo.

Mama mkwe aliishika picha mbali na macho, kisha karibu.

"Umechora wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Iko nzuri."

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, maana nilikuwa nimejizoeza mbele ya kioo. Nilisema hivi ni vijino vya chonge, vimelala chini ya fizi, kila mtoto duniani anavyo, anayeumwa na asiyeumwa, na huu uvimbe ni vyenyewe vikijisogeza. Nikasema mtoto anaharisha kwa sababu ya chupa. Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kidole juu ya kijino kimoja cheupe, ambacho nilikuwa nimekipa kivuli kwa ustadi mkubwa.

"Ndiyo hizi," akasema. "Angalieni. Hata mashine yake inaziona."

Shemeji akainama. "Kumbe ziko ndani hivi."

"Ziko ndani sana. Ndiyo maana mtoto anateseka."

Nimefanya kazi ya matangazo miaka kadhaa, nimetangaza magodoro, mahoteli na sabuni, na sijawahi kuuza kitu kwa ufanisi kama nilivyouza ibyinyo siku ile.

Nikamgeukia shemeji. Nilisema, "Shemeji, wewe umesoma."

"Nimesoma uchumi," akasema, kana kwamba meno hayamo humo. "Kila jamii ina mambo yake. Sayansi haijagundua kila kitu."

"Haijagundua meno?"

"Usiwe mkali. Mama ametulea sisi wote watano, tuko hapa."

"Na wewe walikutoa?"

Niliona ulimi wake ukitembea ndani ya shavu, ukikagua. Nilikumbuka picha za harusi yao, ambazo nilizisafisha mimi mwenyewe kwenye kompyuta, na jinsi bwana harusi alivyotabasamu amefunga midomo katika zote.

"Sikumbuki," akasema.

"Wewe ulikuwa nazo mbili tu," mama yake akamwambia kwa upendo. "Hukulia sana."

Hapo nikafanya kitu nilichokuwa nimejiapia kutokifanya. Nilipiga magoti mbele ya mama mkwe, nikafungua kinywa, nikauvuta mdomo wa chini kwa vidole.

"Tazama, mama. Hapa, na hapa. Hayakuota tena."

Alinishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga wa dirisha, na uso wake ukalainika kabisa.

"Pole, mwanangu," akasema. Nilidhani nimeshinda. "Ulikuwa mdogo?"

"Kama huyu."

"Na ulikuwa unaharisha?"

"Nilikuwa nusu ya kufa, ndivyo wanavyosema."

Akaniachia kidevu, akamgeukia dada.

"Umesikia? Alikuwa anakufa. Wakazitoa. Leo iko mama mdogo, iko na kazi Kiyovu, iko na kompyuta, na iko hapa anatufundisha."

Shemeji alicheka. Hata dada, aliyekuwa na machozi, alicheka kidogo. Niliinuka. Nilisema mambo ambayo sitayaandika yote. Nilitaja kutu ya spoki, nikataja ujinga, nikasema kuna watu wanaotundika karatasi ukutani na hawajui kilichomo midomoni mwao. Kila sentensi ilikuwa imenyooka, naweza kuzirudia hata leo, na kwa kila sentensi niliona dada akizidi kuinama na mtoto akizidi kukaribia ile nyumba ya ng'ambo ya bonde. Niliona, na sikuweza kuacha. Mama mkwe hakukasirika. Biashara imemfundisha kumwacha mteja apige kelele mpaka achoke. Nilipochoka alisimama, akachukua kitambaa cha kumbebea mtoto, akakikung'uta.

"Basi tusingoje Jumatatu," akasema. "Yule mama Jumapili iko nyumbani. Twende sasa, tumalize haya maneno."

Mama yangu alikuwa hajasema kitu tangu salamu. Wakati sisi tunabishana alikuwa amenyoosha mkono juu ya kabati, akachukua pakiti moja bila kumwomba mtu, akaichanganya na maji ya chupa ya chai, akayapooza, na sasa alikuwa akimnywesha mtoto kwa kijiko. Hakuinua macho.

"Leo haifai," akasema.

"Kwa nini?" mama mkwe akauliza.

"Anaharisha."

"Si ndiyo sababu, dada yangu?"

"Kwetu hayatolewi mtoto akiharisha. Yanakuwa yamekasirika. Ukiyagusa yanakimbilia tumboni."

Kitambaa kikatulia mikononi mwa mama mkwe.

"Zinakimbilia tumboni?"

"Yanakata utumbo. Lazima kwanza kuharisha kukome kabisa, mtoto apumzike, ndipo mtu amwangalie tena. Mara nyingine unakuta yamerudi yenyewe."

"Hiyo ni ya wapi?"

"Karagwe. Bibi yangu alikuwa akiyatoa. Wenye watoto wanaoharisha alikuwa anawarudisha nyumbani, wengine wametoka mbali."

Mama mkwe alifikiri. Alimtazama mtoto, akamtazama mama, halafu, kwa bahati mbaya, akanitazama mimi.

"Na wewe, mama mdogo? Hii imeandikwa kwenye simu yako?"

Mama aliendelea kufuta kidevu cha mtoto. Hakunikonyeza, hakukohoa. Ndani yangu kila kitu kilichokatwa kwa rula kilikataa. Ile kauli ilikuwa na kosa katika kila neno. Meno hayakasiriki. Hayakimbii. Nilikuwa nimekuja kuwaambia watu hawa kwamba mtoto hana kitu kibaya kinywani, na sasa niliombwa kuapa kwamba anacho, na kwamba kina hasira na miguu. Kama ningesema hapana, ningekuwa sahihi kabisa, na wangeondoka naye.

"Ndiyo," nikasema. "Ni hatari sana kuyatoa akiharisha."

"Kumbe unajua," akasema mama mkwe, akikirudisha kitambaa kwenye kiti. "Unajua na husemi. Unatuletea mapicha."

Hakuna aliyempeleka mtoto popote Jumatatu ile. Dada aliomba ruhusa kazini. Chupa ilitupwa, uji ukawekwa kwenye kikombe na kijiko, vyombo vikachemshwa, si kwa sababu ya muuguzi bali kwa sababu mama alipiga simu kusema kwamba uchafu huyaongezea hasira. Zinki ilitolewa kila siku mpaka ikaisha. Kuharisha kukapungua, kukakoma. Mtoto akaanza tena kupiga kelele za kumkera baba yake wakati wa habari, na dada akanitumia sauti hizo kwa simu nisikilize nikiwa kazini.

Nilienda kumwona. Mama mkwe alimpapasa fizi mbele yangu. Uvimbe ulikuwepo pale pale, bila shaka, meno hayakuwa na safari nyingine. Lakini kidole huhisi kile mwenyewe anachotaka kuhisi.

"Zimerudi," akasema. "Nilizisemea katika sala, na zimerudi."

Picha yangu aliitundika ukutani, chini ya shahada za mwanawe. Huwaonyesha wageni. "Hizi ndizo ibyinyo," huwaambia, "mama mdogo wake ameziona kwa kompyuta." Wageni husogea karibu, husifu rangi.

Ningepaswa kushukuru. Mtoto ana fizi nzima, na ndilo jambo moja nililolitaka. Lakini sikulitaka hilo peke yake, ndiyo shida yangu, nililitaka pamoja na mengine yote: waseme walikosea, washushe picha au waielewe, shemeji afungue mdomo kwenye kioo na aone alichochukuliwa. Nilishinda nusu, na mtu wa namna yangu nusu humkaa kooni. Niliwadharau kwa kupona kwa mtoto wao. Nilijidharau zaidi, kwa kuwa katika chumba kile waongo tulikuwa wawili, na wote tulitoka Karagwe.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Ndera. Mama alikuwa uani akimenya maharage mabichi kwenye beseni. Nikakaa kwenye kigoda, nikaanza kumenya naye.

"Mama, ile ya kutoyatoa mtoto akiharisha. Ni kweli huko walikuwa wanasema hivyo?"

"Nitajuaje?"

"Ulisema bibi yako alikuwa akiyatoa."

"Bibi yangu alifinyanga vyungu."

Nilimenya ganda moja, jingine.

"Na mimi uliponipeleka, nilikuwa nimekoma kuharisha?"

"Ungekuwa umekoma ningekupelekea nini?"

Aliendelea kumenya. Mimi niliacha. Nilikuwa nangoja sentensi inayofuata, ile ya kukiri, na sentensi hiyo naijua vizuri, nimekwisha kumtungia kichwani mara nyingi, fupi, haina hata neno la kupunguza. Alichukua konzi nyingine ya maharage, akapuliza wadudu, akamwaga kwenye beseni. Alipofungua mdomo alisema jambo lingine kabisa.

"Yule mama mkwe wa dada yako anaongea sana sokoni. Watu wameanza kunipigia."

"Watu gani?"

"Wenye watoto. Jana mmoja wa Batsinda, wake ana miezi sita, anaharisha, wamempapasa wameona mawili. Anauliza kama ni kweli yanakimbia."

"Ukamwambiaje?"

"Hivyo hivyo. Angoje kukome."

"Angoje tu? Akiwa anampa nini?" Nilisikia sauti yangu ikipanda. "Mama, huwezi kuacha hivyo, atangoja na chupa chafu mtoto akauke. Lazima kwanza apitie kituo cha afya achukue chumvi ya maji, ndiyo sharti la kwanza. Halafu kijiko cha peke yake, kisiguswe na mtu mwingine. Halafu chupa isiwe na sukari wala juisi, na asilale nayo. Halafu afutwe fizi kwa kitambaa kilichochemshwa, asubuhi na jioni, la sivyo hayarudi. Na yasiguswe mpaka meno yote ya mbele yawe yameota, juu na chini."

Mama alikuwa ameacha kumenya, ananitazama.

"Umezidisha," akasema.

"Nimezidisha nini?"

"Ya kituo cha afya iache mwanzoni, sawa. Ya kitambaa wataifanya, ni kazi ya mikono, hiyo haiwashindi. Ya sukari usiseme ni mbaya, watu wanapenda sukari. Sema inayanenepesha meno hayo."

"Inayanenepesha."

"Ndiyo. Ya kijiko cha peke yake toa. Nyumba ina vijiko viwili, mtu atakucheka, na akikucheka kwa moja atazicheka zote. Na ya meno yote ya mbele, toa. Watajua tunawachelewesha."

"Mama, hiyo ndiyo ya maana kuliko zote."

"Basi sema mpaka mtoto asimame mwenyewe. Kusimama wanakupenda, watangoja."

Niliirudia yote kwa sauti, tangu kituo cha afya mpaka kusimama. Akanisahihisha mahali pawili. Nikairudia tena, maana ya kitambaa nilikuwa nimeiweka kabla ya ya sukari na haikukaa vizuri, na mama akasema vyovyote ni sawa, nami nikasema si sawa. Nimesoma kurasa zote zile ili nije kuwa mganga wa uani.

Simu yake ikaita kwenye mfuko wa gauni. Mikono yake ilikuwa na utomvu wa maganda, akaniashiria kwa kidevu niitoe. Namba haikuwa na jina.

"Pokea wewe," akasema, akirudi kwenye beseni. "Una sauti ya mtu aliyesoma."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, kijana, nyuma yake mtoto analia kwa kukwaruza. Aliuliza kama amepata kwa yule mama wa Karagwe.

"Umepata, mama," nikasema. "Kwanza niambie, umeshapita kituo cha afya?"